Ijumaa Alfayo Alipovua Al-Hair

Mama yake Alfayo alizikwa siku ya Ijumaa kule Usenge, kando ya Ziwa Viktoria, na asubuhi ya maziko ilimkuta mwanawe Riyadh, mtaa wa Manfuha, amelala kitandani ameuelekeza uso ukutani. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kumzika. Kafili, mwajiri aliyemdhamini, alimjibu kwa neno moja tu: mafi, hakuna. Ikama, kibali chake cha kuishi nchini humo, ilikuwa imekwisha muda, pasipoti iko kabatini kwa kafili, na bila karatasi ya kutokea nchini hata mwenye nauli mkononi haendi popote.

Aliyetoa wazo la kwenda kuvua ni Elly, aliyeishi naye chumba kimoja. Elly aliosha magari, Alfayo alilinda ghala la vigae. Rafiki yao Onesmus, dereva wa familia moja ya mjini, ndiye aliyekuwa na gari, maana bosi wake alikuwa amekwenda Jeddah na madam na watoto, akamwachia Hilux kuukuu na onyo asirudi nayo imekwaruzwa.

"Kuvua wapi?" Onesmus aliuliza akiwa bado mlangoni. "Hapa ni jangwani, Elly."

"Kuna maziwa huko kusini, Al-Hair. Maji ya mji yakishasafishwa yanatiririkia huko. Yamekaa miaka mpaka matete yameota na samaki wamejaa. Wafilipino wanavua kila Ijumaa. Ama unataka tukae hapa tumtazame huyu akikauka?"

Onesmus alikuwa mtu wa Machakos, na maishani mwake hakuwa amewahi kushika ndoana. Alimtazama Alfayo mgongoni. Tangu anyimwe ruhusa ile, Alfayo alikula alichowekewa, akaenda kazini, akarudi, na mdomo wake haukutoa neno.

"Yalla, omera, twende ndugu yangu," Elly alimwambia, akapiga magoti na kumvalisha viatu kama mtoto. Alfayo akakubali kuvalishwa. Hilo lilimchoma Onesmus kuliko kilio chochote.

Walifika jua likiwa bado halijawa kali. Onesmus hakuyaamini macho yake. Baada ya vumbi lote lile na vilima vya mawe, maji yalikuwa yametandaa mbele yao, ya kijani, yamezungukwa na matete yaliyompita mtu urefu, na yangeyange weupe wamesimama kwenye maji ya kina kifupi kama waliotumwa kulinda. Alisimama akavuta pumzi. Hewa ilikuwa na harufu ya tope na majani mabichi, harufu aliyokuwa ameisahau.

Alfayo alikwenda kukaa juu ya jiwe. Elly akatoa mishipi aliyonunua sokoni na kuanza kufunga ndoana huku akipiga domo. Alikuwa amekulia Kisumu mjini, na samaki alimjua akiwa sahanini. Alipotupa mara ya kwanza, ndoana ilifunguka ikaenda zake, mshipi ukarudi mtupu. Mara ya pili alinasa shati la Onesmus.

"Hii ndoana ni ya Kichina," alilalamika.

Alfayo akanyanyuka. Aliuchukua mshipi mikononi mwa Elly, akakata kwa meno, akaizungushia ndoana uzi na kukaza fundo ambalo Onesmus hakuona lilivyofungwa. Akachukua mkate wa hubzi, akaumega, akaulowesha na kuufinyanga kuwa vidonge vidogo vya chambo. Kisha akatupa. Mkono wake ulikwenda polepole, halafu ukachapuka ghafla mwishoni, na chambo kikatua ukingoni mwa matete bila kurusha maji.

Onesmus alisahau kukaa. Mtu huyu alimjua kama mlinzi mpole wa ghala, wa kuitwa na kila mtu "sadiki, rafiki yangu, njoo hapa". Hakujua kuwa anaweza kusimama hivi, mabega yamelegea, kidole kimoja juu ya mshipi, anasikiliza kitu ambacho wengine hawakisikii. Mshipi ukatikisika. Alfayo akangoja, akangoja tena, kisha akavuta, na ngege wa kiganja kizima akatoka majini akimetameta. Akafuata mwingine, na mwingine.

"Mungu wangu," Onesmus alisema kwa sauti ya chini, kama aliye kanisani.

Kisha mshipi mwingine, aliokuwa ameutupa Elly, ukavutwa kwa nguvu nusura umtoke. Samaki mkubwa, kambare bila shaka, alikimbilia kwenye matete na kujizungushia humo. "Huyu haendi!" Elly alipiga kelele, akauzungusha mshipi kiganjani na kuingia majini na suruali yake. Hatua chache tu, akazama hadi kiunoni. Akajaribu kugeuka, tope likamfikia kifuani. Tabasamu likamfutika usoni.

"Onesmus! Miguu yangu imeshikwa!"

Onesmus alitaka kumkimbilia, lakini mkono ulimdaka kwenye ukosi ukamrudisha nyuma.

"Usiingie!" Ilikuwa sauti ya Alfayo, nene, kali, iliyozoea kupigwa juu ya maji. "Elly, acha kupiga miguu! Lala chali! Lala kama uko kitandani, tandaza mikono! Onesmus, leta kamba ya kuvutia gari!"

Onesmus alikimbia, akarudi na kamba. Alfayo alikuwa tayari ameangusha matete kwa mikono na kuyatandika juu ya tope, viganja vinavuja damu. Akalala kifudifudi juu yake na kujisogeza mbele kama mjusi, kamba mkononi, Onesmus akimshika vifundo vya miguu.

"Nitazame mimi, Elly. Usitazame chini. Pitisha kamba kwapani. Hivyo hivyo. Sasa tulia, tope litakuachia lenyewe. Onesmus, vuta taratibu. Taratibu, nimesema!"

Tope lilimwachia Elly kidogo kidogo, likifanya sauti ya mtu anayemeza, mpaka wote watatu wakajikuta kwenye nchi kavu, weusi kwa tope, wanahema. Viatu vya Elly vilibaki huko. Akauinua mkono wake. Mshipi ulikuwa bado umezungushwa kiganjani, umekaza.

"Samaki bado yuko," alisema.

Alfayo akacheka. Alicheka mpaka akajikunja, na katikati ya kicheko sauti ikageuka, akawa analia kwa nguvu, kichwa kwenye bega la Elly lililojaa tope. Hawakumnyamazisha. Onesmus alimtazama na kuona kwamba hajawahi kumheshimu mtu hivi, mtu ambaye siku mama yake anazikwa amemvuta mwenzake kutoka kaburini.

"Saa hizi wanamshusha," Alfayo alisema hatimaye. "Nataka kumpigia Lois."

Lois, dada yake, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Jeddah, mtaa wa Aziziya, naye alikuwa amenyimwa safari. Alipokea simu kwa video akiwa amejifungia chumba cha kufulia, macho yamevimba.

"Alfa, mbona uko hivyo? Umeanguka wapi?"

"Kwenye tope. Lois, unakumbuka Mama alivyonitoa kwenye bwawa la nyuma ya nyumba? Alivyonifokea nilale chali?"

"Alikuwa amebeba karai la samaki kichwani," Lois alisema, "na hakuliangusha." Akaanza kucheka akilia, na ndugu hao wakamwomboleza mama yao kwa Kijaluo, sentensi moja ya huyu, moja ya yule, hadi Lois akanong'ona kwamba madam anaita.

Yule kambare alitolewa na Alfayo. Waliwasha moto wa matete makavu na mbao za zamani, Alfayo akawachanja ngege mbavuni, akawapaka chumvi na ndimu na kuwachoma. Onesmus, aliyekuwa na wasiwasi na samaki wa maji hayo, alikula wawili na kulamba vidole. Muda wote Alfayo alizungumza juu ya mama yake: alivyobishana bei ufukweni, alivyoimba akiparua magamba, alivyokataa katakata kuolewa tena.

Karatasi zake zilikuja kutengenezwa mwaka uliofuata, akaenda na Lois kuliona kaburi. Hadi siku hiyo, kila Ijumaa aliyopata nafasi alikuwa Al-Hair, na wanaume kadhaa wa Manfuha nyuma yake wakijifunza kufunga ndoana.