Mashine ya Kumsemea Ngurumo

Mnadani walimwita Ngurumo, na jina lile halikuwa utani mtupu. Alikuwa akisimama juu ya kreti la soda, bila kipaza sauti, ananadi fahali, na wale wanunuzi wajanja wanaojificha nyuma kabisa wakamsikia kama anayewanong'oneza sikioni. Nyumbani mkewe alikuwa akimwambia, "Baba we, mimi si ng'ombe, punguza." Naye hucheka, na kicheko chenyewe kikatikisa vikombe kabatini.

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Alidhani ni vumbi la mnadani. Alipokubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshajenga na kuhamia. Madaktari wakampa shauri moja tu: waitoe zoloto, pale sauti inapozaliwa, au abaki nayo imuue. Akachagua kuishi. Akarudi nyumbani na tundu dogo shingoni la kupumulia, na kimya.

Mkewe naye, presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya nuru kidogo kidogo kwa miaka, hata akabaki anatambua mchana na usiku tu. Hapo ndipo balaa la nyumba ile lilipokamilika. Wengine wakikatwa sauti huandika kwenye karatasi. Ngurumo angemwandikia nani? Alimbinya mkewe kiganja mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa siyo, na maskini mama wa watu akageuka hakimu katika nyumba yake mwenyewe. "Una njaa? Unaumwa? Nimekuudhi?" Siyo, siyo, siyo. Basi nini? Hilo halikuwa na jibu la kubinya.

Walikuwa na mpwa, binti wa dada yake Ngurumo, waliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa akitengeneza kompyuta katika chumba chembamba ubavuni mwa duka la fotokopi, na kila mtu alimwita Fundi, hata nyumbani. Yeye alimwita Ngurumo "Mjomba", kama ilivyo ada, lakini mkewe Ngurumo, mkaza mjomba wake, alimwita "Mama", maana ndiye aliyemjua kwa ulezi.

Fundi alijaribu simu kwanza, isome kwa sauti atakachoandika mjomba wake. Haikufaa. Vidole vya mzee vilikuwa vimeota sugu za kamba za ng'ombe, vigumu kama pembe, na kioo cha simu hakikuvitambua. Akigusa herufi moja huja nyingine, au haiji yoyote. Siku moja aliitupa ile simu kitandani, akageukia ukutani.

"Anataka vitufe vya kubonyeza hasa," Fundi akajisemea. Ndipo alipoikumbuka ile laptopu ndogo ya binamu yake, mtoto wa pekee wa nyumba ile, aliyeiacha kabatini alipokwenda kufanya kazi ng'ambo. Ilikuwa na ukubwa wa daftari, nyepesi, ya kupakatwa hata na mgonjwa. Ila nguvu zake zilikuwa za kuku. Kumbukumbu haba, prosesa, yaani ubongo wake, ya zamani, na mfumo uliokuwamo ulikuwa ukiwaka kwa kugugumia kisha unaganda. Kununua nyingine hakukuwazwa. Fundi akaamua kuufuta ule mfumo na kuweka Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha hata mashine dhaifu.

Sasa Linux haina sura moja. Ni kama unga: kila mpishi anauchukua uleule na kutoka na chakula chake. Kuna matoleo ya Linux yenye madoido na mapambo, kuna yaliyopunguzwa mpaka yakabaki mifupa, na kila moja lina watu wake wanaoapa kwamba hakuna jingine. Fundi alilijua hilo kwa kazi. Hakuwa amewahi kuchagua kwa ajili ya mtu aliyempenda.

Akaanza na zuri. Alitaka mjomba wake akifunua kifuniko aone kitu cha kupendeza, rangi tulivu, vitufe vikubwa. Akaweka na programu ya kusoma maandishi kwa sauti ya Kiswahili, akaenda nayo sebuleni. Ngurumo akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza.

"Mke wangu, hujambo," ikasema mashine.

Mama aliruka kitini. "Nani kaingia? Fundi! Mwanamume gani huyu humu ndani?"

"Ni Mjomba, Mama. Yeye anaandika, mashine inasema."

"Huyo si mume wangu. Huyo anasema kama sufuria inakwanguliwa. Zima!"

Ngurumo aliitazama mikono yake, kisha akafunga kifuniko mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Fundi alirudi nayo kazini, akaishusha ile sauti, akaipunguza kasi. Haikuwa Ngurumo, lakini angalau ilikuwa sauti ya mtu mzima. Akaenda kumbembeleza mkaza mjomba wake, na mama yule, ambaye moyo wake haukuwa wa jiwe, akakubali kujaribu tena. Lakini sasa kasoro nyingine ikatokeza. Uzuri wote ule ulikuwa mzigo kwa mashine dhaifu. Mama akiuliza jambo, Ngurumo akiwasha, mashine inafikiri, inapaka rangi, inapanga mapambo yake. Mpaka iwe tayari kuandikiwa, mama ameshajijibu mwenyewe na kwenda zake jikoni. Fundi alimwona mjomba wake amebaki na jibu mkononi, anakitazama kiti kitupu. Akajilaumu. Uzuri ule aliuchagua kwa macho yake mwenyewe, na nyumba ile haikuhitaji macho.

Akahamia upande wa pili. Akaweka toleo dogo kuliko yote aliyokuwa nayo, lile linalokaa lote ndani ya kumbukumbu ya mashine na kuwaka kufumba na kufumbua. Ngurumo alifurahi hata akampiga Fundi bega. Siku ile alimjibu mkewe hapohapo, na mkewe akacheka kwa mshangao: "Haya, leo umewahi!"

Kesho yake Ngurumo alishinda sebuleni peke yake anaandika. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Fundi alipopita na mboga, mjomba alimwashiria asikaribie. Mchana, kabla hajabonyeza neno lolote lisemwe, waya ukachomoka ukutani, na betri ile kuukuu haikustahimili. Mashine ikazimika. Ilipowashwa tena ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mfumo unaokaa kwenye kumbukumbu huondoka na kumbukumbu umeme unapokatika. Fundi alilijua hilo, na alikuwa ameahidi moyoni kulishughulikia Jumamosi.

Ngurumo aliipiga meza kwa ngumi. Halafu akalia. Kilio cha mtu asiye na sauti kinatisha: mabega yanapanda na kushuka, hewa inapiga mluzi shingoni, basi.

"Mjomba, ulikuwa unaandika nini? Niambie, nitakusaidia kuandika upya."

Akatikisa kichwa.

"Ni jambo la hospitali?"

Akamtazama. Fundi ndiye aliyempeleka hospitali mara ya mwisho, akangoja kwenye benchi la nje, na mzee alipotoka alimwinulia dole gumba. Wakarudi nyumbani wamenunua machungwa. Sasa dole gumba lile halikuonekana popote. Fundi aliifunga ile mashine, akaitia kwapani.

Alikwenda kazini, akafunga mlango japo wateja walikuwapo. Safari hii hakutafuta zuri wala dogo kuliko yote. Aliketi kwanza akafikiria mtu mwenyewe anataka nini, jambo ambalo lingepaswa kuwa la mwanzo. Anataka kuwasha na kusema. Anataka alichoandika kisipotee. Hataki picha, hataki muziki, hataki mtandao. Akachukua Debian, toleo la Linux la miaka mingi lisilo na makeke, ambalo bado lilizikubali prosesa kongwe, akaliweka bila pambo hata moja. Mashine ikiwaka, hakuna kubofya: kinafunguka kidirisha cheusi chenye herufi kubwa nyeupe, na kila herufi inahifadhiwa papo hapo. Unaandika, unabonyeza, inasema. Akauchomoa waya makusudi na kuitoa betri, tena na tena, mpaka alipoamini. Mwenye duka la fotokopi alichungulia dirishani, akasema, "Fundi, kompyuta imekukosea nini?"

Jioni aliipeleka. Haikuwaka upesi kama ile ya pili, lakini iliwaka kabla mtu hajachoka kungoja. Ngurumo akaandika muda mrefu, mkewe akiwa pembeni anachambua mchele kwa vidole. Fundi alikuwa akifunga waya mguuni mwa meza ili usichomoke tena, na ndiyo maana yote aliyasikia.

"Mke wangu. Ugonjwa umerudi. Uko kwenye mapafu. Daktari amesema hakuna kukata tena. Sikutaka mtu mwingine akuambie. Mimi ndiye mumeo."

Mikono ya mama ikasimama ndani ya ungo.

"Tangu lini?"

Vitufe vikalia. "Siku ile ya machungwa."

"Machungwa," akasema mama. "Ukanimenyea. Nikala. Nikamshukuru Mungu mbele yako kwamba umepona, nawe ukanibinya kiganja mara moja. Ndiyo, ukasema. Ndiyo!" Ungo ukaanguka, mchele ukatawanyika sakafuni. "Umeniacha nicheke peke yangu kama mwehu siku zote hizi!"

Ngurumo akaandika, vidole vikikosea, mashine ikatamka maneno yaliyovunjika: "Nisameh. Sikuwa na njia. Ndiyo na siyo hazitoshi."

Fundi aliinuka, hajui asimame wapi. "Mama..."

"Toka, mwanangu. Haya ni yetu wawili."

Akatoka, akakaa kizingitini. Alisikia sauti ya mama ikipanda, ikishuka, ikikatika kwa kilio, na katikati yake ile sauti nyingine, ya taratibu, isiyojua kulia, ikijibu kila kitu. Waliongea mpaka giza likaingia. Kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, waligombana. Fundi alijifuta macho kwa ukosi wa blauzi, akainuka kwenda kuwasha taa ya uani.

Ngurumo aliishi muda mrefu kuliko walivyotegemea, na katika muda ule nyumba ilirudi kuwa na maneno. Walipanga mambo ya mazishi na ya paa linalovuja kwa pumzi moja. Walibishana juu ya chumvi. Siku moja alimnadia mkewe fahali wa kuwazia, mashine ikisoma kwa sauti moja bapa, "Nani anaongeza, nani anaongeza," na mama akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kwa sauti hiyo, baba, hata kuku humuuzi!"

Alifariki asubuhi moja ya mvua, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Baada ya matanga kwisha, muuguzi wa kliniki ya koo alimpigia Fundi simu, akauliza kama ile mashine ingeweza kumfaa mgonjwa mwingine. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyetolewa zoloto, na mkewe hataki kusikia habari za mashine inayosema. Fundi alisita kumwambia mama, lakini mama ndiye aliyesema, "Ichukue. Nami twende wote."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya chumba na sebule. Mwalimu aliandika salamu, mashine ikasema, na mkewe, mwanamke kijana bado, akaziba masikio kwa viganja. Mama alipapasa hewani mpaka akampata mkono, akauteremsha.

"Mwanangu," akasema, "usiisikilize hiyo. Hiyo haina mtu ndani. Sikiliza vidole. Wangu akikasirika alivipiga vitufe kama anachinja. Akiona haya, alibonyeza polepole, anasimama, anabonyeza. Nilikuwa namjua kabla mashine haijafungua mdomo."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akaanza kuandika tena, kwa vidole viwili. Fundi aliona mke wa mwalimu amefumba macho, ametega sikio upande wa vitufe.