Gramu Ishirini na Sita

Ulimi wa mbao uliingia ndani ya tundu lake bila kubisha hodi. Prudence alikuwa amejiandaa kusukuma, meno ameyauma, kipande kimoja mkono huu na kingine mkono ule, kumbe kujisumbua bure. Mbao mbili ziliingiliana kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Alipozitikisa, zikalia: kla, kla.

"Imefiti?" aliuliza Mista Aleixo, mwalimu wao wa useremala, akifagia maranda upande wa pili wa karakana. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, na miaka thelathini ya Toronto ilikuwa haijamnyang'anya Kiswahili chake.

"Almost," alisema Prudence, akazitia mbao ndani ya mkoba uliokuwa begani mwake.

Uongo wa mchana kweupe. Tangu Septemba darasa lao lilikuwa likifanya kazi moja na darasa la sekondari moja ya milimani huko Japani. Wanafunzi waligawanywa wawili wawili, mmoja kule na mmoja hapa. Wa kule alichonga ulimi, wa hapa akachonga tundu, na vipande vilipaswa kukutana Toronto, viungane bila msumari wala gundi. Ijumaa hii ya Februari vingeunganishwa mbele ya kamera, madarasa yote mawili yakitazama. Mwenzake Prudence aliitwa Chinatsu. Alikuwa amechonga ulimi wake miezi mitatu, kwa patasi aliyoinoa mwenyewe, na hapakuwa na ulimi wa pili.

Wenzake Prudence walisubiri ndimi zifike ndipo wakachonga matundu kwa kuzipima. Yeye hakusubiri. Mchoro wa Chinatsu ulimpendeza mno, kila mstari na kipimo chake, akaufuata milimita kwa milimita tangu Desemba. Alipima mara saba. Ndiyo maana kile kilio cha kla, kla kilimchoma.

Ulimi ulikuja na daftari, vyote viwili vikakaa wiki mbili chumbani kwa Prudence vikingoja tundu likamilike. Shuleni kwa Chinatsu, kazi nzuri isiyo na daftari la makosa haikupata alama. Humo mlikuwa na hesabu za pembe, miviringo ya mti iliyopakwa rangi za maji, na uzito wa mbao kila Jumatatu. Ukurasa mmoja ulikuwa na mshale mwekundu. "Hapa nilikata kupita kiasi," aliandika Chinatsu kwa Kiingereza cha kubahatisha. "Sikuficha."

Prudence alisoma hapo, akalifunga daftari haraka.

Nyumbani, Lawrence Heights, bomba la joto lilikuwa likigonga ukutani na sufuria ya maharagwe ikichemka. Baba yake, Tharcisse, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini Etobicoke. Kwao Uvira alikuwa fundi seremala wa milango. Hapa alipigilia paleti za kubebea mizigo ghalani, msumari juu ya msumari, kutwa nzima.

"Papa, tuna gundi?"

"Ya nini?"

Aliziweka mbao mezani. Baba mtu hakuzigusa. Alienda kwanza kunawa mikono, akaifuta, akarudi, akazitikisa mara moja, akazinusa.

"Nani alichonga hii?"

"Msichana fulani. Ana kumi na sita."

"Huyu ni fundi. Na hii tundu?"

"Ni mimi."

Tharcisse alipitisha kidole gumba ndani ya tundu, kuta zote nne, taratibu.

"Na huyu pia," alisema.

Prudence alitaka kulia. Kama wote wawili ni mafundi, nani basi ameharibu? "Mbona haifiti?"

"Iko namna gani kwao?"

"Sijui. Milima. Mvua nyingi."

"Na hapa?"

Bomba likagonga. Prudence alijilamba midomo iliyopasuka kwa ukavu, kisha akalifungua daftari kwenye Jumatatu ya mwisho. Gramu mia nne na kumi na mbili. Alichukua mizani ambayo mama yake hupimia unga wa maandazi, akaulaza ulimi juu yake. Mia tatu themanini na sita.

"Gramu ishirini na sita," alisema. "Zimeenda wapi?"

"Ni maji. Iko na kiu, mama. Imekonda."

Prudence alienda dirishani. Kulikuwa kukiingia giza la saa kumi na moja, na barafu ilikuwa imechora majani madogo madogo kwenye kioo. Gramu ishirini na sita ni maji ya vijiko viwili tu. Aliyaona yakinyesha juu ya mlima asioujua, yakapanda mizizini, yakakaa ndani ya mwerezi, yakavuka bahari ndani ya kifurushi, halafu yakatoka polepole, humu humu, juu ya maharagwe, juu ya vitanda vyao. Wiki mbili walikuwa wakiivuta mvua ya Chinatsu puani bila habari. Labda na hii barafu kiooni ni mvua ileile. Aligusa jani moja kwa kidole, likayeyuka, akalilamba. Halikuwa na ladha yoyote, lakini moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nikiuloweka leo?"

"Utaupasua." Tharcisse aliweka chupa ya gundi mezani. "Gundi hii hapa. Changanya na vumbi la mbao, hakuna mtu atajua. Nilishafanya, Uvira. Mlango wa mteja. Ulipendeza."

"Halafu?"

"Masika ikafika. Mlango ukataka kunenepa, ukakosa nafasi. Ulipasuka katikati, nikiwa kanisani."

Akaenda kuoga. Chupa ilibaki mezani mpaka Ijumaa, na Prudence aliipita mara nyingi kuliko alivyopenda.

Ijumaa jioni, ambayo kule ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, jozi baada ya jozi ziliunganishwa. Tok. Makofi. Tok. Makofi. Zamu ya Prudence ilipofika, alisogeza mbao karibu na kipaza sauti, akazitikisa.

Kla, kla.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mista Aleixo alimtazama, kicheko kikafa.

"Kosa ni langu," Prudence alisema kwa Kiingereza. "Nilifuata mchoro. Sikuusubiri ulimi." Akainua karatasi yenye namba mbili: 412 na 386.

Kwenye skrini Chinatsu alijiziba mdomo. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Prudence alivyomfikiria. Alimgeukia mwalimu wake, na yule mwalimu, badala ya kumjibu, akamuuliza yeye swali. Chinatsu aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Prudence aliishusha karatasi yake.

"Kwetu mvua ni mwezi wa Juni," Chinatsu alisema mwishowe. "Toronto kuna Juni?"

Darasa zima likaangua kicheko, safari hii pande zote mbili za dunia.

"Ipo," alisema Prudence. "Na Julai yake ni jasho tupu."

"Basi weka karatasi kwenye mwanya. Kila Jumatatu, vuta, mpaka igome. Uniandikie."

Mbao zikahamia dirishani. Mwanya ulipitisha uzi wa mwanga, na ndani yake Prudence akapachika kipande cha karatasi alichokichana kwenye bahasha ya Chinatsu. Kila Jumatatu aliivuta, ikaja bila ubishi, akapima ulimi, akaandika. Mia tatu themanini na sita. Themanini na saba. Mei bomba la joto lilizimwa. Tisini na tano. Tharcisse alijifanya haimhusu, ila kila Jumatatu viatu vyake vya kazi vilikuwa na shughuli palepale dirishani.

Jumatatu ya kwanza ya Julai, shuka zilikuwa zimelowa jasho na Tharcisse amekaa kwa fulana mbele ya feni. Prudence alishika ncha ya karatasi kwa vidole viwili.

"Ngoja," alisema baba yake. Akanyoosha mguu, akaizima feni, wapate kusikia.

Prudence akavuta. Karatasi haikuja.