Maili Themanini za Evaresta

Asubuhi ile ukungu ulipanda kutoka bonde la Kiruruma mzito kiasi kwamba niliegemeza baiskeli yangu juu yake, ikasimama. Asiyeamini aje nimwonyeshe baiskeli.

Nilikuwa naenda Nyaishozi kwa Evaresta, mjane wa rafiki yangu Telesfori. Pale kwake, chini ya kibanda cha kahawa, lililala gari jekundu la michezo, viti viwili, halina paa. Telesfori alilivusha mpakani pale Murongo akitoka nalo Uganda, enzi hizo bado tuna nywele. Kwenye dashibodi palikuwa na tundu la mviringo. Spidimita yenyewe, ile saa ya kupimia mwendo, ilining'inia sebuleni karibu na msalaba, kama saa isiyojua saa.

Waya wake ulikatika wiki ya harusi yao. Telesfori akaing'oa, akamwambia bibi harusi, "Nikipata waya mwingine nitakupeleka mpaka mshale uguse themanini, na wewe uuone kwa macho yako." Hakuupata, Mungu amrehemu. Na sasa mtoto wao Novath alikuwa amempa gari hilo mkusanyaji wa magari ya kale wa Mwanza. Lori la kulibeba lilikuwa njiani.

Mimi waya nilikuwa nao. Niliuchomoa kwenye pikapu iliyokufa Nkwenda. Ulikuwa mrefu mno, nikauviringisha chini ya dashibodi kama nyoka aliyeshiba.

"Waitu, ndugu yangu, utaweza kweli?" Evaresta aliuliza. Alishavaa nguo za kanisani.

"Mama, mimi nimewahi kufunga spidimita kwenye ng'ombe."

"Ikasoma ngapi?" Huyo ni Desderius, jirani mfugaji, aliyekuwa amekuja na kibuyu cha samli kwa sababu grisi yangu ilikauka kwenye kopo.

"Sifuri. Alikuwa ng'ombe wako."

Nikamweleza Evaresta jinsi kitu kile kinavyofanya kazi. Waya unatoka kwenye giaboksi, unazunguka ndani ya mpira wake mpaka kwenye saa. Kule juu unazungusha sumaku. Sumaku imekaa ndani ya kikombe chepesi cha alumini, na haikigusi kabisa. Inakivuta kwa mbali tu, kikombe kinageuka na mshale wake.

"Hawagusani?"

"Hawagusani, mama. Kati yao kuna hewa tu."

Akaitazama ile saa mapajani mwake kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

Waya wa spidi hupakwa mafuta kidogo sana, tena upande wa chini. Nikapaka samli kwa kidole kimoja, nikaingia mvunguni kuufunga kwenye giaboksi. Lakini Evaresta ni binti wa wafugaji, na kwao samli haipimwi.

"Kidole kimoja!" nikamsikia juu yangu. "Mgeni tuliyemngoja miaka yote hii anapakwa kidole kimoja? Desderius, lete kibuyu."

Tone likanidondokea kwenye paji la uso. Nikajua yaliyonipata. Mafuta yakizidi hupanda na waya mpaka ndani ya saa, na huko ndiko yanakoharibu. Nilitaka kuvifungua vyote upya, ila honi ya lori ilishalia kwenye mlima wa pili.

Nikaipachika saa kwenye tundu lake, tukapanda, Desderius akatusukuma. Injini ikakohoa moshi uliotoka na umbo la mbuzi, nasema kweli, hata na ndevu. Tukaingia barabarani. Ule mwendo wenyewe sasa! Desderius alitembea kando yetu, mkono juu ya mlango, akitafuna muwa.

Mshale ulilala kwenye sifuri. Kwa baridi ile samli ilikuwa imeganda.

"Umelala," Evaresta alisema polepole.

Tukapita kibanja cha kwanza, cha pili. Migomba ilitoka ukunguni, ikatuinamia, ikarudi ukunguni. Joto la injini likaanza kupanda miguuni, likafika kwenye dashibodi. Samli ikalainika. Na ule upenyo kati ya sumaku na kikombe, ambao kiwanda kiliuacha wazi makusudi, ukajaa mafuta ya moto. Kwa mara ya kwanza tangu vitengenezwe vile viwili vikashikana.

Mshale ukatetemeka. Kumi. Thelathini. Ukasita kwenye sitini, halafu ukapanda taratibu mpaka themanini, ukatulia.

Mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani akatupita. "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu," Evaresta akajibu bila kuondoa macho kwenye kioo cha saa. Kisha akauliza, "Tumemwacha?"

"Mbali sana," Desderius akasema, na mwanamke yule alikuwa anaishia kwenye kona ya mbele.

Evaresta akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Alikuwa ameona, bila shaka.

"Telesfori aliniambia kwenye themanini upepo hutoa machozi."

Hapakuwa na upepo. Hata jani la mgomba halikutikisika.

"Na unatoa kweli," akasema, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

Lori likatufikia kwa nyuma, likapiga honi, likapiga tena. Nikamtazama Evaresta nijue kama niegeshe. Yeye alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo chenye joto, anaangalia mbele ukunguni.

"Mwambie apite," akasema, "kama ana mbio za kutuzidi."

Hakutupita.