Sombe ya Geneviève

Shemeji wa Geneviève alikula kwake, kesho yake akafariki. Tangu siku hiyo, mwaka wa pili sasa, hakuna jirani hapo Nyakabere aliyeonja chakula chake. Hawakumshtaki. Kila alipowakaribisha, walikuwa wameshiba.

Ndiyo maana mdogo wake, Pudentienne, alipanda pikipiki kutoka Uvira Jumapili na binti yake Chérie, ili wale naye uani, majirani wakiona, saa watu wanapotoka misa. Kumwacha mtoto kungeonekana ni woga.

Lakini Chérie, mwenye miaka tisa, alikuwa hali ila muhogo wa kuchoma, ndizi na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, kila kimoja kwenye sahani yake. Mchuzi ukigusa muhogo, alilia kama aliyeungua. Muuguzi alishamweleza mama yake: mtoto ana otisme, yaani usonji, mdomo wake unasikia chakula kuliko wetu, msimlazimishe. Pudentienne aliona aibu, hakumwambia hata dada yake. Na kumbebea muhogo kutoka mjini? Majirani wangesema nini?

Geneviève alipakua sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, ya mawese, juu ya bugali. Chérie akafunga mdomo.

"Kula, mama. Mama mukubwa amekupikia," Pudentienne akambembeleza.

"Imegusana."

Njiani, jirani Hatungimana akacheka. "Muangalie! Hata mutoto iko najua!"

"Puda," Geneviève akauliza taratibu, "ulimwambia kitu?"

"Minye? Hapana, yaya!" mdogo wake akajibu.

Pudentienne akamshika mtoto kisogo, akamsukumia tonge mdomoni. Chérie akakakamaa, akatapika mpaka nyongo, mkekani.

"Maziwa!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mumupatie maziwa, sumu itoke!"

"Si sumu! Alizaliwa hivi, iko na ugonjwa, muuguzi alisema..."

"Na ni leo ndiyo unasema?" Hatungimana akamkata. "Unafunika ndugu yako."

Geneviève alivuta sahani ya mtoto akaimaliza, kisha ya Pudentienne, kisha yake. Alikula karibu bila kutafuna, macho kwa majirani, mafuta yakimchuruzika hadi kiwiko. Pudentienne akanyoosha mkono ale naye. Dada yake akausukuma.

"Weye ulijua, Puda. Ulijua, na ukamuleta."

Akavuta sufuria magotini, akaikomba kwa vidole. Ilipokwisha, watu walikuwa bado wamesimama njiani, wakingoja aanguke.