Kimya cha Kasha

Mashine ya kupima moyo ilitema ukanda wa karatasi, na daktari Godelive akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Bintu alikuwa amelala, nyaya kifuani. Kaka zake wawili walikwisha kufa nyumbani kwao, mtaa wa Kasha, kila mmoja risasi ilipolia karibu, na miilini mwao hamkuonekana tundu la risasi. Majirani walisema wamelishwa sumu. Wakamshuku shangazi yao, wakampiga kwa mawe mpaka akakata roho.

Daktari akampima pia Nsimire, mama yao, akaziweka karatasi mbili sambamba.

"Maman, unaona haka ka mulima ka mwisho kwa huu mustari? Kanapasuka mbili. Kwa mutoto iko vile, na kwako iko vile. Ni ugonjwa ya moyo, ya familia. Kelele ya gafula inaweza kumuua."

Dawa ilikuwapo duniani, ila vita vilikuwa vimefunga barabara. Nsimire alirudi nyumbani akijua kuwa ni yeye aliyewarithisha wanawe kifo, na kwamba wifi yake alipondwa mawe bure. Akafagia ua, akasimama langoni, akaziambia kelele zote zisipite hapo. Zikatii. Jogoo akawa anawika bila sauti, sufuria zikaanguka kimya, na bunduki zikanyamaza hadi ng'ambo ya kichochoro kilichopita mbele ya lango. Maongezi ya taratibu tu ndiyo yaliyosikika. Bintu akanenepa.

Wanajeshi hawakukawia kugundua. Wakaanza kuwaleta watu kwenye ukuta wa kichochoro kile, kwa kuwa hapo hata ukiua, mtaa wa pili hausikii na hakuna anayekimbia. Walimpasua kichwa kwa risasi Jacques, fundi seremala, mchana kweupe. Mkewe Constance alikuwa akimenya mihogo hatua chache tu kutoka hapo, ameupa ukuta mgongo. Aligeuka damu ilipomfikia miguuni. Akapiga yowe, halikutoka.

Baada ya mazishi akaja langoni kwa Nsimire.

"Maman Bintu, acha makelele irudi. Tusikie wakati askari banakuya, tukimbie."

Nsimire aliona aibu kumtazama usoni. Nyuma yake Bintu alikuwa akichambua mchele wa Luberizi, akiokota vijiwe. Ng'ambo ya kichochoro, wanajeshi walikuwa wakiwashusha watu wengine garini, mikono imefungwa.

"Ikirudi, huyu atakufa," alisema.

Akalibamiza lango kwa nguvu zake zote. Halikulia. Bintu hakuinua hata kichwa, akaendelea kuchambua mchele.