Sahihi ya Mwenyekiti

Kwa miaka tisa Marjan alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo, Jinja. Mwaka 1995 serikali ilikiuza kiwanda, na tajiri mpya akamwita ofisini, akamwekea mezani orodha ya watu mia mbili wa kupunguzwa.

"Usipotia sahihi, nafunga kiwanda kizima."

Jina la Marjan halikuwemo. Lilikuwemo la Docus, mfumaji mjane aliyewahi kulala mahabusu siku nne kwa kukataa kumtaja Marjan wakati wa mgomo.

"Bwana, niandike mimi, huyu mama umwache."

"Wewe nakuhitaji. Nani atawatuliza wenzako?"

Marjan akatia sahihi.

Jumapili moja alisafiri hadi Busiu, karibu na Mbale, alikorudi Docus kulima. Alimkuta akipalilia mahindi, akamweleza yote bila kuficha.

Docus alimsikiliza hadi mwisho. "Ungekuja kutuuliza kwanza, Mwenyekiti," alisema taratibu. "Mimi ningekubali kuondoka. Lakini ungetuuliza."

Marjan alirudi Jinja jioni ile. Kesho yake alijiuzulu. Uchaguzi ulipoitishwa, hakuna hata mmoja aliyejitokeza kugombea.