Kimya cha Mzee Raimo

Nukta ya teksi haikusogea.

Inkeri Vanhatalo aliikodolea macho kwenye skrini, pale ofisini katika mji wa Kajaani. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Basi lilikuwa limekwisha kumshusha Bibi Aune kwenye njia panda ya Lehtola, kikongwe anayekwenda hospitali kusafishwa damu, na teksi ilitakiwa impokee palepale. Hapana kibanda pale, hapana nyumba. Simu ya bibi ilikuwa haipatikani.

Ndiyo kwanza huduma ilikuwa inaanza asubuhi hiyo: tiketi moja tu kwenye simu, treni, basi na teksi zikipokezana abiria. Kazi ya Inkeri ilikuwa kuwapatanisha wadau. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Yeye alikuwa nao wanne, watu wa reli, wa mabasi, wa hospitali na wa teksi, na kila mmoja na pembe zake. Siku ya uamuzi mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Hakuna aliyefungua kinywa. Mzee Raimo, mkuu wa madereva wa teksi, aliangalia kikombe chake cha kahawa. Nyundo ikagongwa mezani, kazi ikaisha. Inkeri akawaaga haraka akaandike taarifa, wenzake wakaingia sauna, bafu la mvuke.

Alimpigia Raimo.

"Mzee Raimo, teksi yako iko wapi? Bibi Aune yuko Lehtola peke yake!"

"Lehtola? Nani kamshusha Lehtola?"

"Basi! Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Mlikubaliana nyinyi, binti. Mimi sikusema ndiyo."

"Wala hukusema hapana!"

"Ningekuumbua mbele ya wageni? Hapana yangu niliichukua mpaka sauna. Nikakungoja pale motoni mpaka kuni zikaisha. Ulikwenda wapi?"

Inkeri, mzaliwa wa hukohuko, aliyelelewa na baba ambaye kila neno zito alilitolea sauna, alisahau kwamba mezani watu hunyamaza na maneno yenyewe huja baada ya mvuke. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa Bibi Aune, amesimama barabarani na mkongojo wake.

"Ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba Lehtola hakuna mtandao. Oda hukwama, dereva hajui kama kuna mtu." Mlango wa gari ukabamizwa, injini ikakohoa. "Mimi niko karibu. Naenda mwenyewe."

"Usikate simu, nakuomba."

"Sitakata mimi. Itakatika yenyewe."

Ikakatika kweli. Inkeri akabaki ameishika, akiogopa hata kuiweka mezani. Alimwona Aune amekaa kwenye theluji, kwa sababu wazee wakichoka hukaa, na baridi ile ikikukuta umekaa huamki. Akajisemea kwa sauti, "Nimemuua. Nimemuua kwa haraka zangu."

Simu ilipolia, karibu aidondoshe.

"Yu hai," alisema Raimo. "Nilimkuta amekaa. Ananitukana, kwa hiyo kichwa ni kizima. Vidole vya mkono mmoja ni vyeupe kwa kugandishwa na baridi, sijui kama vitapona. Namkimbiza hospitali."

Inkeri alilia bila kujificha. Akashukuru, akaomba radhi, akashukuru tena. Raimo hakujibu. Siku nyingine yoyote angeona mazungumzo yamekwisha, akakata simu. Safari hii hakuthubutu. Akasikiliza ngurumo ya gari na pumzi za yule mzee, akangoja.

"Mzee Raimo," alisema mwishowe, polepole, "umebakiza neno?"

Aune alikohoa kiti cha nyuma.

"Njia panda ya Hietala," alisema Raimo. "Nayo haina mtandao."

Inkeri akageukia skrini. Basi la kaskazini lilikuwa linakaribia Hietala, na ndani yake kulikuwa na abiria mmoja wa kushuka. Akanyakua simu ya mezani, akabonyeza namba ya dereva wa basi hilo. Ikaita. Ikaita tena.

"Pokea," alinong'ona. "Pokea, baba, usimshushe."